Msumari wa Baba katika Korongo la Padri

Zoldo,
Jumapili, 31 Machi 2019

Kwako kaka yangu Oreste,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Annegret na wanangu wote wa huko, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Najua ndiyo kwanza umefungua duka baada ya baridi, mikono yako inanuka vanila na limau, na huna muda hata wa kukohoa. Lakini nakuomba barua hii usiisome umesimama nyuma ya kaunta huku Wajerumani wamepanga foleni. Ingia ndani, kaa hata juu ya ndoo, uisome mpaka mwisho.

Sisi hatujambo. Tullio wangu bado yuko na kazi yake ya misitu na bado analalamika kuhusu kila mti. Wajukuu wanakua. Ng'ombe hatuna tena, hilo unalijua, ila zizi liko vile vile ulivyoliacha, na mnyororo wa yule ng'ombe wetu Stela unaning'inia pale pale ukutani, pete yake kubwa ya mwisho haipo. Unakumbuka baba alivyoitafuta pete ile? Alimshuku jirani, akamshuku muuza vyuma chakavu, kidogo amshuku na paroko. Usisahau hiyo pete, nitairudia.

Utashangaa kuona kurasa zote hizi. Kwa miaka arobaini na moja mimi na wewe tumeandikiana kadi za Krismasi tu: hatujambo, theluji ni nyingi, Mungu awabariki. Leo nina habari, na nimeshindwa kuibana kwenye kadi. Alhamisi iliyopita nimelipanda Korongo la Padri kwa miguu kutoka chini mpaka juu, na nimelishuka kwa skii. Ni mimi, Dorina, mpishi wa shule, mwenye miaka hamsini na mitano na goti langu la kushoto linalotabiri mvua. Soma tena ukitaka. Nimelishuka!

Sasa nianze mwanzo. Mwezi wa pili tulikuwa kwa Ginetta, pale baa, baada ya misa. Theluji mwaka huu ilichelewa, halafu ikaja yote kwa pamoja, na makorongo yote ya mlima Bosconero yakajaa mpaka midomoni. Sabina akasimama. Huyu Sabina humjui. Ni binti wa Rinaldo, ana miaka thelathini, anaongoza watu milimani, na ni mtoto mwenye heshima ambayo sijui aliipata kwa nani. Akasema mwaka huu anataka kuwa mtu wa kwanza kulishuka Korongo la Padri, kwa kuwa tangu dunia iumbwe halijashukwa na mtu.

Kaka, kahawa ilinipalia. Nikasema kwa sauti, bila kujipanga, kwamba limeshashukwa. Baa nzima ikanigeukia. Rinaldo, ambaye sasa ana miaka sitini na sita na tumbo linalomtangulia kila mahali, akacheka mpaka akashika meza. Akauliza limeshukwa na nani, na Oreste wa Ngazi? Wazee wote wakavunjika mbavu. Vijana wakacheka pia, ingawa nusu yao hawajui hata Oreste ni nani, wanalijua hilo jina tu. Hapo ndipo niliposikia uchungu wake hasa. Wewe umeondoka, jina la kejeli limebaki kama mwenyeji.

Nisamehe nikikukumbusha yale unayoyajua kuliko mimi. Nataka yaandikwe mahali, angalau mara moja, kwa mpangilio. Sheria ya Zoldo ni kwamba korongo unalotaka kulishuka kwa skii lazima kwanza ulipande kwa miguu, skii mgongoni, ili uikanyage theluji yake yote na kuijua. Na upande wa pili wa bonde, kwenye banda letu la nyasi, akae mtu na darubini awe jicho lako. Mwaka ule wa sabini na nane ulipanda peke yako, na jicho lako nilikuwa mimi, mtoto wa miaka kumi na minne. Ulirudi ukasema umeshuka, na kwamba pale kooni, ambapo korongo hubanwa na kuta mbili na theluji hugeuka barafu tupu, ulipigilia msumari uliofuliwa na baba karakanani kwake, ukajiteremsha kwa kamba. Wanaume wakaenda mchana kuangalia kutoka chini, hakuna aliyepanda mpaka kooni. Wakaziona nyayo zako za kupanda, safi, chini ya ukuta wa kushoto mpaka juu. Alama za skii hawakuona hata moja. Wakaja kuniuliza mimi, nikawaambia nilipitiwa na usingizi, sikuona kitu.

Basi wakakata kauli. Wakasema ulipanda kweli, ila ulipotazama chini miguu ikakuishia nguvu, ukateremkia nyuma ya mlima, kwenye ule mteremko ambao hata mbuzi wa mzee Berto hushuka akisinzia, skii begani kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Oreste wa Ngazi. Asubuhi ya Jumatatu tukakuta ngazi imeegemezwa mlangoni kwetu, imefungwa utepe mwekundu. Wiki iliyofuata watu wa aiskrimu walipoondoka kwenda kufungua maduka yao Ujerumani, ukaondoka nao. Mwezi wa kumi wenzako wote wakafunga maduka wakarudi, kama wanavyorudi kila mwaka. Mama aliweka sahani yako mezani mpaka Krismasi. Tangu hapo umekuja mara mbili, kumzika baba na kumzika mama, na mara zote mbili uliondoka kabla supu haijapoa.

Nirudi pale baa. Walipokuwa wanacheka, nikamwambia Sabina kwamba akienda, anichukue. Kicheko kikaongezeka. Rinaldo akaniuliza, "Dorina, nikuwekee ngazi, au utatumia ile ya kaka yako?" Sabina peke yake hakucheka. Akaniambia, "Shangazi, makorongo matano madogo kwanza. Ukiyamaliza bila kunililia, tutazungumza."

Nikayamaliza. Si bila kulia, lakini nililia nyuma yake ambako hakuniona. Unajua mimi skii sikuacha kamwe, na kupanda milima kwa zile ngozi za kubandika chini ya skii ni jambo ninalofanya kila Jumamosi tangu watoto walipoolewa. Ila korongo ni jambo lingine. Kugeuka kwenye mwinuko mkali hata ubavu unagusa theluji, nafasi yenyewe mita nne, kwamba unaruka hewani, unazigeuza skii zote mbili kwa pamoja, unatua, unasimama, unashukuru Mungu, halafu unaruka tena! La kwanza nililishuka kwa makalio. La tatu Sabina aliacha kunishika kamba. La tano nilipolimaliza alinitazama, akasema tu, "Alhamisi, ikiwa kutakuwa na baridi usiku." Tullio nilipomwambia, aliniuliza kama nimechanganyikiwa au ni umri. Kisha akaenda akayanoa yale meno ya chuma ya viatu vyangu, kila jino.

Rinaldo ndiye aliyeng'ang'ania kuwa jicho letu. Alisema safari hii hataki habari za watu kulala. Atakaa yeye mwenyewe bandani na darubini, na atazungumza na binti yake kwa simu ya upepo. Nadhani alikuja kushuhudia nikishindwa. Labda pia alikuwa anamwogopea mwanawe; baba ni baba.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Theluji ya njia ya msituni ilikuwa imeganda ikilia chini ya skii. Tulipotoka kwenye misonobari, mlima ulikuwa juu yetu na korongo limeugawa toka juu hadi chini, jembamba, jeupe. Tukazifunga skii mgongoni, tukavaa meno ya chuma, tukashika sururu za barafu, tukaanza. Sabina mbele anapiga hatua, mimi nyuma naingiza mguu alipoutoa yeye. Tulikwenda chini ya ukuta wa kushoto, kama ulivyofanya wewe, maana pale mwamba umejitokeza na kukukinga na vinavyoanguka. Hatua moja, pumzi mbili. Ilinijia kwamba hapa hapa ndipo mguu wako ulipopita ukiwa na miaka ishirini na mitatu, na nikawa naongea nawe kimoyomoyo. Sabina akageuka akaniuliza kama ninasali. Nikamwambia karibu na hapo.

Kooni tulifika jua likiwa ndiyo kwanza linagusa vilele. Kaka, sikuwa najua palivyo pabaya. Kutoka bandani paonekana pamebanwa kidogo tu. Ukiwa pale, ni mita mbili kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati barafu ya rangi ya chupa imesimama mita nane. Sabina alipanda kwa sururu mbili, akanivuta kwa kamba, nami nikakwaruza kwaruza kama paka kwenye pazia. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kuta. Nilikuwa natafuta msumari wako. Nilitafuta ukuta wa kushoto, nikatafuta wa kulia. Kuta zote mbili zilikuwa zimepakwa barafu na theluji ngumu kama keki ya harusi, na sikuona chochote. Simu ikalia krr krr, sauti ya Rinaldo ikauliza, "Vipi, mmeuona huo msumari wa ajabu?" Sabina akamjibu bado. Rinaldo akasema, "Nilijua." Tukaendelea kupanda.

Saa moja na nusu tulikuwa juu. Pale juu pana nafasi ya kukaa watu watatu wapendanao. Upande mmoja mlima Pelmo umejaa jua, upande mwingine ule mteremko wa mbuzi wa Berto, mpole, unakuita kabisa. Sabina alinipa mkate na soseji akaniamuru nile, hataki mtu wa kumzimikia njiani. Tuliingoja theluji ilainike kidogo. Isipolainika utateleza mpaka chini, ikilainika sana yote itakuja juu yako. Saa mbili na nusu alizifunga skii zake, akaingia, akaruka mageuzi sita, akasimama chini ya mwamba, akanipungia.

Nikashindwa. Nakuambia ukweli. Nilisimama ukingoni, ncha za skii ziko hewani, na miguu ikakataa. Nikautazama mteremko wa mbuzi. Nikafikiri, hakuna atakayenilaumu, mimi ni bibi. Sabina akaniita kutoka chini, "Shangazi, chakula cha watoto shuleni ni saa sita. Korongo halitashuka lenyewe!" Nikacheka, na nilipocheka mwili ulilegea, nikaruka.

Geuzo la kwanza nilitua vibaya. La pili likawa afadhali. La tatu skii ziliuma theluji, zikashika, nikasimama pale nimepinda kiunoni kama ulivyonifundisha wewe nyuma ya zizi nilipokuwa na miaka tisa, na nikajua naweza. Basi nilishuka! Kuruka, kugeuka, kutua, pumzi. Theluji niliyoikata ilikuwa inanipita pembeni ikinong'ona kuelekea bondeni. Kuta zilipanda huku na huku na mimi nashuka katikati yake kwa nguvu zangu mwenyewe. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilikuwa nasema nini. Rinaldo anasema alinisikia hadi bandani bila simu.

Tukafika kooni kwa juu. Hapo Sabina alihitaji mahali pa kufunga kamba tushuke ile barafu. Akaanza kupasua ganda la ukuta wa kulia kwa sururu, anatafuta ufa wa kupigilia chuma chake. Pigo la tatu halikutoa sauti ya barafu wala ya mwamba. Lilitoa sauti ya kengele. Tukatazamana. Akapiga tena, taratibu, ganda likaanguka kwa vipande, na pale ukutani, usawa wa kifua, kichwa cha msumari kikatokea.

Kichwa kile ni cha pembe nne, kimefuliwa kwa nyundo, na katikati kimegongwa ile alama ya baba, mstari na nukta mbili, aliyoigonga kwenye kila msumari uliotoka kwenye karakana yake. Kwenye tundu lake imepitishwa pete ya chuma, imelika upande mmoja. Nilivua glavu nikaishika. Ni pete ya mnyororo wa Stela, kaka! Miaka yote hiyo baba anawashuku majirani, na ilikuwa imening'inia mlimani. Na ndani ya pete, kipande cha kamba kimefungwa kitanzi, kimepauka na kuwa cheupe kama mfupa. Sabina alikitazama kile kitanzi muda mrefu. Akaniambia mtu anayepanda hafungi kitanzi cha namna hii. Hiki ni cha kushukia tu, unapitisha kamba, unateremka, unaivuta kamba inakufuata. Akasema, "Alishuka, shangazi. Alishukia hapa."

Nililia machozi yakaganda. Sabina alitaka kuung'oa msumari tuupeleke baa uwekwe mezani mbele ya wote. Nikakataa. Akaupima kwa nyundo, ukatoa sauti safi, akasema kazi ya baba yenu si mchezo. Akapigilia na chuma chake pembeni kwa usalama, maana ndiyo kazi yake, lakini nilimwomba kamba yangu ipite kwenye pete. Nikaegemea nyuma. Uzito wangu wote, na unajua si haba, ukaning'inia kwenye kazi ya mkono wa baba na mkono wako, na haikutikisika hata kidogo.

Chini ya koo korongo linafunguka, tukalimaliza kwa mageuzi marefu, tukatoka kwenye bonde la chini kama watoto waliotoroka shule. Ilikuwa saa nne kasoro. Sabina akaipigia simu banda. Akamwambia baba yake tumefika, na kwamba msumari upo, na pete ipo, na kitanzi kipo. Rinaldo akasema kwa ukavu kwamba msumari mtu anaweza kuupigilia akipanda, akaufungia kitanzi kwa maringo tu. Sabina alitaka kumjibu kwa hasira. Ndipo tukasikia sauti juu.

Jua lilikuwa limeingia korongoni. Tabaka la juu, lile laini, likaachia, likaanza kuteremka, kwanza kama sukari inayomwagika mezani, kisha kama maji. Halikuwa poromoko la kuua mtu aliyekaa mbali, lakini lilipita katikati ya korongo lote kutoka juu hadi chini likifagia. Tulisogea pembeni tukalitazama likitulia. Sabina akauliza kwenye simu, "Baba, upo?"

Sauti ya Rinaldo ilipokuja haikuwa ile. Alisema, nami nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Nimewaona mnashuka. Nimewaona kwa macho yangu, geuzo kwa geuzo. Sasa natazama hapa, nyayo zenu za kupanda zipo, chini ya ukuta wa kushoto, zote. Alama za skii hazipo. Hakuna hata moja, Sabina. Hakuna hata moja." Kisha akasema, "Mama yangu, tulimfanyia nini yule kijana." Na simu ikakatika.

Jioni ile tulikusanyika kwa Ginetta. Habari ilikuwa imefika kabla yetu. Walikuwepo wazee wote waliobaki, Tullio amekoroga polenta ya mahindi ya kushibisha watu arobaini, jibini linakaangwa, glasi za grapa kali hazihesabiwi. Rinaldo aliingia wa mwisho. Alivua kofia, na tangu niolewe sijapata kukiona kichwa cha Rinaldo ndani ya baa. Kina upara kama yai. Akasema mbele ya wote kwamba Oreste Scarzanella alilishuka Korongo la Padri mwaka wa sabini na nane, wa kwanza, peke yake, na kwamba lile jina la Ngazi alilitunga yeye, na ile ngazi ya mlangoni aliibeba yeye, na kuanzia leo atakayelitamka atamkuta yeye. Watu wakasimama. Jina lako likapigiwa makofi, kaka, mpaka glasi zikalia kwenye rafu. Ginetta alilia waziwazi. Mtoto wake tayari ameliandika ukutani, kwenye ile orodha ya makorongo, tarehe na jina lako kamili, na chini yake majina yetu sisi wawili.

Walininyanyulia glasi na mimi. Dada aliyelisafisha jina la kaka yake, walisema. Na hapo, Oreste, ndipo grapa iliponikwama, kwa sababu ninayokuja kukuambia sasa, na ndiyo sababu ya barua hii yote.

Sikulala. Siku ile bandani sikulala hata dakika moja.

Nilikuona. Nilikuona ukisimama juu na ile sweta nyekundu aliyokufumia mama. Nilihesabu mageuzi yako, yalikuwa thelathini na saba mpaka kooni. Nilikuona unapigilia msumari, nikaona mkono unapanda na sauti inachelewa kunifikia. Nilikuona unateremka kwa kamba. Na chini kabisa ulipomaliza, uliinua fimbo zote mbili, ukageukia banda, ukanipungia. Nilikuwa nimekutazama usoni kwenye darubini, ulikuwa unacheka. Nikaiweka darubini chini, na sikukupungia.

Ulikuwa umeniahidi. Umesahau labda, mimi sikusahau. Uliniahidi kwamba nitapanda nawe mpaka kooni, na kwa mwezi mzima nilipaka nta skii zangu kila siku. Asubuhi ile ukanipa darubini ukasema korongo si mahali pa wasichana, kaa hapa uwe jicho langu. Basi walipokuja kuniuliza nikasema nililala. Nilitaka uumie mpaka jioni tu. Jioni ningesema kweli. Jioni walikuwa wanacheka sana, nikaogopa. Asubuhi ikaja ngazi. Kisha ukawa umeondoka, na kila mwaka uliopita uliufanya uongo kuwa mzito zaidi kuutoa, na mama akaweka sahani, na nikala mezani nikiitazama ile sahani.

Nadhani ulijua. Niliposema mbele ya wale wanaume kwamba nililala, ulinitazama mara moja, ukainamisha macho. Ungeweza kusema huyu mtoto anadanganya. Hukusema. Hicho ndicho kilichonitafuna kuliko vyote.

Nilisimama pale pale baa nikawaambia wote, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipousema ule uongo wa kwanza. Tullio wangu aliacha kukoroga. Nilingoja waniteme. Rinaldo akanisogelea, akasimama mbele yangu na upara wake, akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, Dorina. Mimi nilikuwa na masharubu." Akanikumbatia. Lakini msamaha wa Rinaldo sio ninaouhitaji. Nauomba wako, na ukininyima sitakulaumu. Nimekuibia nyumba yako miaka arobaini na moja, na nimelazimika kuning'inia kwenye pete ya Stela ndipo nikapata ujasiri wa kusema.

Mwezi wa kumi watu wa aiskrimu wakirudi, rudi nao. Chumba cha juu Tullio ameanza kukipaka rangi, anasema hajali kama utakuja au hutakuja, rangi ilikuwa inabanduka. Mlete wifi, walete wanao wamwone shangazi yao mwongo. Sahani ninayo, ile ile. Goti likikataa, tutakaa wote bandani na kuwacheka vijana. Goti likikubali, mwezi wa tatu korongo litajaa tena. Panda, kaka. Msumari uko pale usawa wa kifua, ukuta wa kulia. Mimi nitakaa na darubini. Ukifika chini ukanipungia, nitakupungia kwa mikono yote miwili. Na watakaponiuliza, nitawaambia nilichokiona.

Nisalimie sana wifi na wote wa nyumbani kwako. Rinaldo anakusalimu na anaona haya kuandika mwenyewe. Sabina anauliza kama ni kweli ulitumia skii za mbao. Mungu akulinde na akufikishie barua hii mikononi.

Ni mimi mdogo wako,
Dorina